Maeneokazi manne ndani ya Openbox: kwa nini faili linasema 4 na kioo kinaonyesha 2

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, natumia laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 2. Windows ilikuwa imeshaishinda, mdogo wangu akaniwekea Debian, mfumo wa Linux, yenye mazingira mepesi ya kioo yaitwayo LXDE, na sasa inakwenda vizuri. Shida yangu ni msongamano: jedwali la alama za wanafunzi, kivinjari, mitihani ya PDF na muziki, vyote vinagombania kioo kimoja kidogo. Nimesoma kwamba Openbox, programu inayosimamia madirisha ndani ya LXDE, inaweza kuyagawa katika maeneokazi kadhaa, kama vile una vioo kadhaa unavyohama kati yake. Nikafuata maelekezo: nikanakili /etc/xdg/openbox/rc.xml kwenda ~/.config/openbox/, nikakuta tayari imeandikwa maeneokazi 4, nikaongeza majina, nikaendesha openbox --reconfigure ili isome mipangilio upya. Hakuna kilichobadilika. Nikazima kompyuta na kuiwasha. Bado ni mawili tu, tena hayana majina. Nakosea wapi? Je, RAM yangu itahimili manne? Na ningependa kivinjari kiwe kinafunguka chenyewe kwenye eneo lake.

JIBU: Salama, mwalimu. Pole kwa usumbufu, ingawa jibu la kwanza umelileta wewe mwenyewe. Faili ulilofungua linasema 4, kioo kinaonyesha 2, na hata baada ya kuzima na kuwasha hali ni ileile. Maana yake faili hilo halisomwi. Uliyoandika ni sahihi kabisa. Umebisha hodi nyumba ya jirani.

LXDE haiachi Openbox ijitafutie mipangilio yake. Inaiwasha kwa kuikabidhi faili jingine, na unaweza kulishuhudia kwa macho yako. Fungua teminali uandike:

ps -C openbox -o args

Utaona mstari wenye --config-file, na mbele yake njia inayoishia na lxde-rc.xml. Hilo ndilo linalotawala. Lipo kwenye folda ileile ya ~/.config/openbox/, kando ya lile ulilolinakili. Maelekezo uliyoyafuata yaliandikwa kwa ajili ya mtu anayeendesha Openbox peke yake bila LXDE, na kwake yeye ni sahihi.

Kabla ya kuligusa, nakili:

cd ~/.config/openbox
cp lxde-rc.xml lxde-rc.xml.awali

Kisha lifungue kwa kihariri chochote cha maandishi, tafuta sehemu inayoanza na <desktops>, na uifanye hivi:

<desktops>
  <number>4</number>
  <firstdesk>1</firstdesk>
  <names>
    <name>Alama</name>
    <name>Mtandao</name>
    <name>Mitihani</name>
    <name>Mengine</name>
  </names>
  <popupTime>400</popupTime>
</desktops>

firstdesk ni eneo utakaloanzia ukiingia. popupTime ni muda, kwa milisekunde, ambao kile kisanduku cha jina la eneo hubaki katikati ya kioo unapohama. Kwa kawaida huwa 875. Mimi huona ni kirefu mno, kinakaa kama mgeni asiyejua saa za kuondoka. Ukiandika 0 hakitokei kabisa.

Sasa hifadhi, endesha openbox --reconfigure, na… bado ni mawili. Usikasirike. Hapa kuna mtego wa pili uliokuwa umejificha nyuma ya ule wa kwanza, na huu umewachosha watu wengi zaidi kwa sababu hata walio kwenye faili sahihi hunaswa nao.

Ili uuelewe, acha kwanza kufikiria maeneokazi kama vyumba. Wazo la vyumba lina historia nzuri. Mwaka 1986, Henderson na Card wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC walieleza programu yao iliyoitwa Rooms, iliyogawa madirisha kwa vyumba vyenye milango ya kupita kutoka kimoja kwenda kingine. Walikuwa wameona kwamba mtu mwenye kioo kidogo hupoteza muda akihamisha madirisha huku na huko, sawa na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inavyohangaika kubadilishana data na diski. Wewe na laptopu yako ya GB 2 mnawakilisha pande zote mbili za mfano huo.

Lakini ndani ya Openbox hakuna chumba chochote. Kilichopo ni lebo. Kila dirisha limebandikwa namba ya eneo lake, na kioo kizima, yaani lile dirisha mama lililo chini ya yote, limebandikwa namba mbili: maeneo yapo mangapi, na sasa tuko kwenye lipi. Unapohamia eneo la 3, Openbox inaficha madirisha yote yasiyo na lebo ya 3 na kuonyesha yenye lebo hiyo. Basi.

Lebo hizo hazikai ndani ya Openbox. Zinatunzwa na seva ya X, programu inayochora madirisha kwenye kioo, ambako programu nyingine, kama vile upau wa chini wa LXDE, zinaweza kuzisoma na hata kuzibadilisha. Kwa hiyo unaposema --reconfigure, Openbox inaiacha lebo ya idadi iliyo tayari kwenye kioo, 2, kama ilivyo, hata kama faili lako linasema vingine. Pengine umeiongeza au kuipunguza mwenyewe mchana kupitia upau, nayo isingependa kukufutia. Mantiki ipo, ila ingesaidia kama ingesema kwa sauti. Namba iliyo kwenye faili hutumika kioo kinapokuwa hakina lebo bado, yaani mwanzo wa kipindi, unapoingia kwenye akaunti yako. Majina nayo ni hivyohivyo.

Dawa ni nyepesi: toka kwenye akaunti yako, kisha ingia tena. Huna haja ya kuzima kompyuta. Kama uko katikati ya kusahihisha na hutaki kufunga kitu, sakinisha wmctrl, programu ndogo ya kuamuru madirisha kutoka teminali, na ubandike lebo kwa mkono:

sudo apt install wmctrl
wmctrl -n 4

Viboksi vinne vitatokea papo hapo kwenye upau. Amri hiyo ni ya kipindi hiki tu. Faili ndilo litakaloitunza kesho. Ukipenda kubofya kuliko kuandika, programu ndogo ya obconf inafanya yote mawili kwa pamoja, inabandika lebo na kuandika kwenye faili, ilimradi uhakikishe imefungua faili sahihi:

obconf --config-file ~/.config/openbox/lxde-rc.xml

Tahadhari moja kuhusu wmctrl: inahesabu maeneo kuanzia 0, ilhali faili la Openbox linahesabu kuanzia 1. Ukiandika wmctrl -s 2 utajikuta eneo la tatu. Nimewahi kuandika hati ndogo ya amri za kupanga madirisha ya ofisi nzima kwa kusahau jambo hilo, na asubuhi kila mtu akakuta kazi zake kwa jirani.

Sasa RAM. Ukishaelewa kuwa eneokazi ni lebo, swali hili linajijibu: namba nne hazina uzito kuliko namba mbili. Unaweza kuwa na maeneo tisa na usione tofauti. Kinachokula RAM ni programu zenyewe, na hapo ndipo ninapotaka uwe macho, kwa sababu dirisha lililofichwa halijalala. Halichorwi kwenye kioo, hilo ni kweli, lakini kivinjari chenye kurasa kumi na mbili kitaendelea kushikilia kumbukumbu ileile kikiwa eneo la 2 na wewe uko eneo la 1, na muziki utaendelea kupiga. Zamani msongamano ulikuwa unakulazimisha kufunga vitu. Sasa utavisahau. Kwa mashine yako ningeweka mazoea ya kuandika free -h kila inapoanza kusuasua, na kutazama safu ya available. Ikishuka chini ya MB 200 hivi, nenda eneo la Mtandao ukafunge kurasa.

Tuje kwenye vitufe, maana bila hivyo maeneokazi ni mapambo. Kubofya viboksi kwenye upau kunachosha mkono, na mtu huacha ndani ya wiki. Tayari unavyo baadhi: Ctrl na Alt pamoja na mshale wa kushoto au kulia vinakuhamisha eneo moja, na kitufe cha Windows pamoja na F1 hadi F4 vinakupeleka moja kwa moja. Ila kwenye laptopu nyingi safu ya F imetekwa na mwanga na sauti, hivyo utalazimika kushika na Fn pia, vidole vitatu kwa kazi ya kimoja. Mimi huhamishia kwenye namba za kawaida. Ndani ya sehemu ya <keyboard> ongeza:

<keybind key="W-1">
  <action name="GoToDesktop"><to>1</to></action>
</keybind>
<keybind key="W-S-1">
  <action name="SendToDesktop"><to>1</to><follow>no</follow></action>
</keybind>

W ni kitufe cha Windows, S ni Shift, C ni Ctrl, A ni Alt. Cha kwanza kinakupeleka eneo la 1. Cha pili kinapeleka dirisha ulilonalo eneo la 1 na kukuacha ulipo. Ukiondoa <follow>no</follow> utaondoka pamoja nalo. Rudia kwa 2, 3 na 4. Usitumie Ctrl na Alt pamoja na F1, F2 na wenzake, hata kama vinaonekana viko huru: hivyo Linux imevitenga kwa ajili ya kuhamia kwenye kioo cheusi cha maandishi, na mtu asiyejua huamini kompyuta imekufa.

Kuna kimoja zaidi ambacho kwa kazi yako nakiona cha thamani kuliko vyote:

<keybind key="W-Tab">
  <action name="GoToDesktop"><to>last</to></action>
</keybind>

Neno last hapo si eneo la mwisho kwa kuhesabu. Ni lile ulilotoka punde. Mwalimu anayesahihisha anaishi kati ya sehemu mbili tu, karatasi na jedwali. Soma jibu, bonyeza, andika alama, bonyeza, soma linalofuata. Baada ya karatasi kumi kidole kinajua njia chenyewe.

Ndani ya faili la LXDE utakutana na amri za mtindo wa zamani, kama vile DesktopLeft au Desktop yenye <desktop>1</desktop>. Bado zinaeleweka, ziache zilivyo. Angalia tu usikipe kitufe kimoja kazi mbili. Tafuta kwanza kama W-1 haijatumika mahali pengine. Tofauti na idadi ya maeneo, vitufe vinasomwa upya mara tu ukiendesha --reconfigure.

Kuhusu kivinjari kujifungulia kwake. Openbox inatambua dirisha kwa jina ambalo programu imejiandikisha nalo, na jina hilo mara nyingi silo unaloliona kwenye menyu. Usikisie. Fungua kivinjari, kisha kwenye teminali andika:

obxprop | grep "^_OB_APP"

Kiashiria cha kipanya kitabadilika umbo. Bofya dirisha la kivinjari. Itatoka mistari michache, na unayoitaka ni ile ya CLASS. Kwa Firefox inayokuja na Debian utaona kitu kama firefox-esr. Andika herufi kwa herufi kama ulivyoonyeshwa, ndani ya sehemu ya <applications> iliyo karibu na mwisho wa faili:

<application class="firefox-esr">
  <desktop>2</desktop>
</application>

Angalia sana mahali unapoandika. Mara nyingi sehemu hiyo ina mfano mrefu uliofungwa kati ya alama <!-- na -->. Kila kilicho kati ya alama hizo Openbox inakiruka kama hakipo. Watu huhariri mfano wenyewe, unaonekana mzuri, umepangika, na haufanyi kazi. Yako iandike nje, chini ya -->, kabla ya </applications>.

Programu za LibreOffice hujitambulisha kila moja kivyake: jedwali la Calc lina jina lake na barua ya Writer ina lake. Kwa hiyo unaweza kutuma alama eneo la 1 na barua za wazazi eneo la 4 bila kugombana. Kisomaji chako cha PDF kipeleke eneo la 3 kwa njia hiyohiyo ya obxprop. Kwa kikokotoo au muziki, badala ya namba andika all, dirisha litakufuata kila uendako. Jambo hilo hufanyika pia kwa mkono: bofya kulia juu ya upau wa kichwa cha dirisha, kuna sehemu ya kulituma kwenye eneo unalotaka au yote.

Kuna jambo litakushtua siku ya kwanza. Uko eneo la 1, unabofya alama ya kivinjari, na hakuna kinachotokea. Unabofya tena. Na tena. Ukweli ni kwamba kimefunguka eneo la 2 kama ulivyoamuru, kimyakimya, na Openbox haijakuhamisha wewe. Sasa una madirisha matatu ya kivinjari kwenye mashine ya GB 2. Ubofye mara moja, kisha uende W-2 ukakisubiri huko.

Mengine ni madogo. Ukizungusha gurudumu la kipanya juu ya kioo kitupu, maeneo yanabadilika. Wengi hudhani madirisha yao yamefutika. Usipolipenda hilo, tafuta <context name="Desktop"> kwenye faili na uondoe vifungu vya gurudumu, yaani vyenye Up na Down. Upau wa chini ukikuonyeshea madirisha ya maeneo yote kwa pamoja, bofya kulia juu ya orodha ya madirisha, fungua mipangilio yake, na uondoe tiki ya kuonyesha ya maeneokazi yote, vinginevyo msongamano ulioukimbia juu utaukuta chini. Siku ukipunguza maeneo kutoka 4 hadi 2, madirisha ya 3 na 4 hayapotei. Yanasukumwa kwenye la mwisho lililobaki. Na ukichomeka projekta darasani, ujue kwamba Openbox hubadilisha eneo kwenye vioo vyote viwili kwa mpigo. Usifungue jedwali la alama ukidhani projekta imebaki na somo, kama hutaki darasa zima lisome nani kapata ngapi.

Kila ukimaliza kuhariri, pima kabla ya kuwasha. Kifungio kimoja kilichosahaulika kinatosha kuvuruga faili zima:

sudo apt install libxml2-utils
xmllint --noout ~/.config/openbox/lxde-rc.xml

Ikinyamaza, mambo safi. Ikilalamika, itakutajia namba ya mstari. Ukikwama kabisa, unayo nakala ya .awali ya kurudisha.

Pengine mtu atakuambia Openbox imezeeka. Toleo lake la mwisho, 3.6.1, ni la mwaka 2015, na ni kweli inaendeshwa juu ya X pekee, haijui Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X. Kwa laptopu yako hilo halinikoseshi usingizi. Siku ukihama, kuna labwc, msimamizi wa madirisha wa Wayland, ambayo iliundwa kwa kuiga mtindo wa Openbox na hata faili lake huitwa rc.xml; Raspberry Pi OS, mfumo wa kompyuta ndogo za Raspberry Pi, ilihamia huko Oktoba 2024. Usinakili faili lako zima kama lilivyo, maana si kila kifungu kinafanana, lakini mkono wako utaitambua lugha.

Na lile faili la rc.xml ulilolinakili mwanzo, lenye majina yako manne mazuri, unaweza kulifuta. Au liache: ukiingia siku moja ukichagua kipindi cha Openbox badala ya LXDE, ndilo litakalosomwa.